Kathleen Drew: Msomi aliyefichua siri ya uzazi wa mwani

KILA mwaka ifikapo Aprili 14, wakulima wa mwani hukusanyika mbele ya mnara wa kumbukumbu katika mji wa Uto, mkoani Kumamoto, kusini mwa Japani. Mnara huo uliojengwa mwaka wa 1963 ni wa heshima ya mwanamke Mwingereza ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi yao. Wao humwita Mama wa Bahari.

Jina lake ni Dkt Kathleen Drew-Baker. Alizaliwa Novemba 6, 1901, katika mji wa Leigh, kaunti ya Lancashire. Alisomea botania katika Chuo Kikuu cha Manchester na kuhitimu kwa daraja la kwanza mwaka wa 1922, wakati ambapo wanawake wachache mno walifika kiwango hicho. Baadaye alipata ufadhili uliompeleka Chuo Kikuu cha California, Marekani, kwa utafiti wa miaka miwili.

Mwaka wa 1928 aliolewa na mhandisi Henry Wright-Baker. Ndoa hiyo ilimnyima kazi, kwani chuo hakikuruhusu wanawake walioolewa kuwa wahadhiri. Hata hivyo, hakukata tamaa. Aliendelea kuchunguza mwani huku akilea watoto wawili, na mumewe akamtengenezea tangi la maji lililoiga kupwa na kujaa kwa bahari.

Kitendawili kilichomshughulisha kilikuwa cha mwani mwekundu uitwao porifira, ambao huliwa na wakazi wa pwani ya Wales. Jamaa yake wa Japani hukaushwa na kuwa karatasi nyeusi za nori, zinazofungiwa wali. Mwani huu ulitoweka majira ya joto na kurejea yalipopita, na hakuna aliyejua ulikokuwa.

Dkt Drew-Baker aligundua kwamba chembe za uzazi za mwani huo hupenya ndani ya makombe ya chaza na kuota humo kama nyuzi nyembamba za rangi ya waridi. Tangu mwaka wa 1892 wataalamu walikuwa wamezipa nyuzi hizo jina la konkoseli, wakidhani ni mmea mwingine kabisa. Kumbe ni mwani ule ule katika hatua nyingine ya maisha yake. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka wa 1949.

Habari hizo ziliifikia Japani wakati wa dhiki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mavuno ya nori yalikuwa yameporomoka, na wakulima waliotandaza nyavu baharini walitegemea bahati tu. Wataalamu wa huko, akiwemo Sokichi Segawa, waliithibitisha siri hiyo kwa mwani wao. Muda si muda, makombe yalianza kutunzwa ndani ya matangi wakati wa joto ili yatoe mbegu za kupanda nyavuni.

Dkt Drew-Baker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Chama cha Wataalamu wa Mwani cha Uingereza kilichoanzishwa 1952, hakuona matunda hayo yote. Aliaga dunia Septemba 14, 1957, akiwa na umri wa miaka 55.

Leo ugunduzi wake unaeleza pia hatari inayowakabili wakulima hao. Konkoseli huachilia mbegu maji yanapopoa na siku zinapokuwa fupi, na nyavu hutandazwa joto la bahari linaposhuka hadi takriban nyuzijoto 23. Kwa kuwa bahari inazidi kupata joto, maji huchelewa kupoa, upandaji husogezwa mbele na msimu wa mavuno hufupika. Katika msimu wa 2022 hadi 2023, Japani ilivuna chini ya karatasi bilioni tano za nori, kiwango cha chini zaidi kwa takriban nusu karne. Safari hiyo uhaba wa virutubisho majini ndio uliochangia pakubwa.

Wakulima wa mwani wa Kwale na Zanzibar nao wana lao la kujifunza. Mwani wao, spinosumu na kotonii, haupandwi kwa mbegu bali kwa vipande vinavyokatwa kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo zao zima hufanana kwa asili, na joto linalouudhi mmea mmoja huiudhi yote. Kotonii, inayoleta bei nzuri zaidi, ndiyo imedhurika zaidi maji ya kina kifupi yanapochemka.

Wajapani wanaweza kuchagua na kuzalisha nori inayostahimili joto kwa sababu uzazi wake unajulikana tangu mwanzo hadi mwisho. Elimu hiyo ndiyo urithi aliowaachia msomi aliyefungiwa mlango wa kazi kwa kosa la kuolewa.