Bwana Dunlop na Mpira wa Baiskeli

Nyumbani kwetu Kakese hakuna asiyeijua baiskeli. Wakati wa mavuno magunia ya mpunga hufungwa juu ya keria kwa kamba za mpira, na mwenye mali huisukuma baiskeli yake kwa miguu hadi kwenye mashine ya kukoboa. Mimi ni mpenzi wa baiskeli za zamani, na hasa ile ya babu yangu. Ni Raleigh nyeusi. Breki zake si za waya bali za vyuma, ina dainamo na kengele, na madigadi yake babu aliyapaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Likizo iliyopita baba mdogo alitaka iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa sasa nyumbani kuna pikipiki. Babu hakujibu neno. Aliigeuza baiskeli juu chini, akatoa mpira wa ndani, akaanza kuziba pancha. Nami nikiwa nimeshika pampu nikajiuliza ni nani aliyefikiri kutia upepo katika gurudumu. Niliporudi shuleni nilitafuta habari zake, na leo nawaletea.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa wakulima. Aliambiwa kwamba alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, basi akadhaniwa kuwa dhaifu, naye akajitunza hivyo maisha yake yote. Lakini aliishi miaka 81. Alijifunza udaktari wa wanyama mjini Edinburgh, akahitimu akiwa na miaka 19 tu. Mwaka 1867 alihamia Ayalandi, na baadaye akafanya kazi yake mjini Belfast, ambako alijulikana sana kwa kutibu farasi. Mwaka 1871 alimwoa Bibi Margaret Stevenson, wakapata mtoto wa kiume na wa kike.

Yafaa tujue baiskeli za siku zile zilikuwaje. Kwanza zilikuwako zile zenye gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, na aliyeanguka alitangulia kwa kichwa. Kisha mwaka 1885 Bwana John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, akatengeneza baiskeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribia kulingana, na mnyororo ulizungusha gurudumu la nyuma. Huyo ndiye mama wa baiskeli zetu. Ukiitazama ile ya babu utaliona umbo lile lile. Lakini magurudumu yalivikwa mpira mgumu usio na upepo, na kila jiwe la njiani lilimfikia mpandaji mgongoni.

Mtoto wa kiume wa Bwana Dunlop alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, nayo ilimtikisa sana katika barabara za mawe za Belfast. Mwaka 1887 baba yake akaamua kulishughulikia jambo hilo. Hakuwa fundi wa baiskeli, lakini mikono yake ilizoea kufanya kazi na mpira. Alichukua karatasi nyembamba ya mpira akaifanya bomba, akalifunika kwa kitambaa, akalipigilia kuzunguka duara la ubao, kisha akalijaza upepo. Basi akaenda uani, akalivingirisha gurudumu la baiskeli ya mtoto. Likaenda kidogo, likaanguka. Akalivingirisha lile la upepo kwa nguvu ile ile. Hilo likavuka ua wote, likagonga lango na kurudi nyuma. Hapo akajua kwamba amepata kitu. Jioni ya tarehe 28 Februari, 1888, yule mtoto akaipanda baiskeli yenye mipira mipya akaenda kuijaribu barabarani. Mwaka huo huo Bwana Dunlop akapewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

Watu waliicheka mipira ile minene. Lakini tarehe 18 Mei, 1889, palikuwa na mashindano katika uwanja wa Queen's College, Belfast, na kijana mmoja, Willie Hume, akaenda na baiskeli yenye mipira ya upepo. Akawashinda wenzake. Baadaye akashinda Uingereza pia, na kicheko kikaisha. Bwana mmoja wa Dublin, Harvey du Cros, ambaye wanawe walikuwa waendesha baiskeli hodari, akaona faida iliyo mbele, akaanzisha kampuni pamoja na Bwana Dunlop.

Kumbe Bwana Dunlop hakuwa wa kwanza! Mwaka 1845 Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kupata hati ya gurudumu la upepo. Wakati ule baiskeli kama zetu hazikuwako, na kazi yake ikasahauliwa. Kwa sababu hiyo hati ya Dunlop ikawa haina nguvu, na kampuni ikaendelea kwa kununua uvumbuzi wa watu wengine, kama ule wa kuweza kuutoa mpira kwenye rimu na kuurudisha. Pasipo huo, babu yangu asingeweza kuziba pancha chini ya mwembe. Bwana Dunlop aliiacha kampuni, na mwaka 1896 ikauzwa kwa pauni milioni 3. Yeye hakupata utajiri mkubwa. Alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba, 1921.

Habari hii ina upande mwingine wa huzuni, nasi watu wa Katavi yatupasa kuujua, maana ulitokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baiskeli zilipoenea Ulaya na Marekani, mpira ulitakiwa kwa wingi. Katika Kongo, iliyokuwa ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kwenda msituni kukinga utomvu wa mimea itambaayo. Wake zao walifungwa mpaka mpira upatikane, na wengi walikatwa mikono au kuuawa. Bwana Dunlop hakuamuru hayo. Alitaka mtoto wake asitikisike. Lakini mimi niliposoma niliuweka mpira wa baiskeli katika fikira zangu kwa namna nyingine. Kitu kilichogharimu kiasi hicho si cha kutupwa ovyo.

Wanafunzi wenzangu, mtu huyu hakuwa tajiri, wala fundi wa magurudumu, wala wa kwanza. Alilojaliwa ni kuona taabu ya mtoto wake na kuijaribu dawa yake uani mpaka ikafaa. Jina lake likaandikwa kwenye mipira ya dunia nzima.

Na kwa kuwa gazeti hili husomwa na wazazi, naomba ruhusa nimalize kwa neno moja la nyumbani. Baba mdogo, shikamoo. Pikipiki ni nzuri, nami nimeifurahia. Lakini siku petroli inapokosekana, baiskeli ya babu bado yaweza kuchukua gunia. Inahitaji mpira mmoja wa nyuma na njiti tatu tu. Naomba isiuzwe hadi nitakapomaliza mtihani. Nitakaporudi nitaitengeneza mimi mwenyewe, babu akiwa ameketi karibu ananielekeza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne