Emin Pasha (1840–1892): Mhamaji na Nchi Aliyoiacha

Masimulizi ya Wafipa kuhusu wanawake wa Kitwa waliofika Milansi kutoka mbali na kutwaa utawala wa Ufipa huelekeza macho yetu kwenye nchi aliyofikia mgeni. Makala haya yanageukia upande wa pili, yaani hisia za mhamaji kwa nchi aliyoiacha. Mfano wetu ni Emin Pasha, Myahudi kwa kuzaliwa, ambaye katika historia ya Tanganyika anajulikana zaidi kama mwanzilishi wa kituo cha Bukoba.

Alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, Silesia, akaitwa Eduard Schnitzer. Baba yake alipofariki, mama aliolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa Kilutheri. Alihitimu udaktari mwaka 1864, lakini akakosa idhini ya kutibu nchini kwao; akahamia dola ya Uturuki. Mwaka 1875 alirudi kwao kwa muda mfupi, akaondoka ghafla, wala hakurejea tena. Huko Sudan alijulikana kama Mehmet Emin, akaishi kama Mwislamu, na mwaka 1878 akawa gavana wa Jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri.

Je, alikuwa ameikana nchi yake? Matendo yake hayatoi jibu moja. Jina la kwao aliliacha, lakini aliendelea kuandikiana na wanazuoni wa Ulaya na kuyapelekea makumbusho ya huko ndege aliowakusanya. Alipofika Bagamoyo pamoja na Stanley, Desemba 1889, njia ya kurudi Ulaya ilikuwa wazi. Hakuifuata. Badala yake, mwaka 1890 aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akapandisha bendera yao Tabora, kisha akaanzisha kituo cha Bukoba. Aliuawa Oktoba 1892 mashariki mwa Kongo.

Kwa maoni yetu, utumishi huo haukuwa usaliti wala uzalendo mtupu. Nchi iliyomnyima nafasi nyumbani ilimpa cheo ugenini, naye akakipokea; aliweza kuitumikia kwa mbali, si kuishi ndani yake. Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba gharama ya upatanisho huo ilibebwa na wenyeji wa Tanganyika, ambao nchi yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikitwaliwa.

Mwaka 1938 Wanazi walilichoma moto sinagogi la Oppeln. Tangu 1945 mji huo, kwa jina la Opole, umo nchini Poland.