Maisha ya Allidina Visram: Faida na Haki

Bwana Allidina Visram alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851. Mwaka 1863 alivuka bahari kuja pwani yetu, angali mtoto asiye na mali, akafanya kazi katika biashara ya Sewa Haji wa Bagamoyo. Baadaye alijitegemea. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, ilikofika mwaka 1901, alifungua maduka njiani, akaenea hadi Uganda, akanunua mazao ya wenyeji na kuweka kinu cha pamba.

Alipata faida kubwa, wala faida ya halali si aibu. Lakini hakuila peke yake. Alitoa kwa mambo ya kheri, hata kwa wasio wa dini yake. Madhehebu yake ya Ismailia siyo yetu, ila haki yapasa isemwe. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe akajenga kwa jina lake shule ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1923, nayo yasomesha hata leo.

Twayakumbuka haya tukiitazama Navakholo, huko Kakamega, nchi ya miwa. Kiwanda cha Mumias, jirani yake, kilipowekwa chini ya msimamizi wa wadai mwaka 2019, wakulima wengi walikuwa hawajalipwa miwa yao. Sukari ya chai yetu hutoka katika jasho kama hilo.

Basi, ndugu Waislamu wenye maduka na viwanda, kujenga shule hakumwondolei mtu deni la ujira. Mlipeni mkulima kwanza, kisha toeni sadaka. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.