Askofu Lancelot Andrewes na Sala za Faragha

Injili ya Jumatano ya Majivu hutuonya kwamba kufunga si jambo la kuonyesha watu. Onyo hilo latugusa sana sisi ambao kwa miaka mingi tuliongoza sala za asubuhi shuleni. Ni rahisi mtu kuomba vizuri mbele ya watoto, kisha akirudi nyumbani asipige goti. Kwa hiyo tumeona vema kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Askofu Lancelot Andrewes wa Uingereza.

Alizaliwa London mwaka 1555, baba yake akiwa mtu wa kazi za bahari. Mwalimu wake, Richard Mulcaster, alimlea vizuri katika elimu, naye hakumsahau. Hata alipokuwa mtu mkubwa aliitundika picha ya mwalimu huyo juu ya mlango wa chumba chake cha kusomea. Alisoma Cambridge, akajua lugha nyingi. Akawa Askofu wa Chichester mwaka 1605, wa Ely mwaka 1609, na baadaye wa Winchester. Aliongoza kundi mojawapo la wataalamu walioifasiri Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611.

Alikuwa mhubiri mashuhuri mbele ya Malkia Elizabeth na Mfalme James. Jumatano ya Majivu aliwahubiria wakubwa wa nchi maneno yale yale ya Mathayo 6:16. Aliwafundisha kwamba unafiki wa wachache usiwe sababu ya wengine kuacha kufunga.

Lakini mtu huyu mwenye sifa nyingi alikuwa na maisha mengine ambayo watu hawakuyaona. Yasemekana alitumia karibu saa tano kila siku katika sala na ibada. Alijiandikia kitabu chake mwenyewe cha sala, kwa Kiyunani, Kilatini na Kiebrania, akizipanga kwa siku za juma: kuungama, kuomba neema, kukiri imani, kuwaombea wengine, na kushukuru. Hakukichapisha. Sadaka nazo alizipeleka kwa maskini na wafungwa kwa siri, akiwakataza watumishi wake wasimtaje.

Je, alikuwa mtu asiye na dosari? Hapana. Mwaka 1613 ilikuja mbele ya maaskofu na wanasheria kesi ya kuvunja ndoa ya mtu mmoja mkubwa. Mfalme alitaka ivunjwe. Askofu Mkuu George Abbot alikataa, lakini Andrewes alikubaliana na upande wa mfalme, na wengi wakasikitika. Hatuwezi kujua aliungama nini mlango ukiwa umefungwa. Lakini baada ya kufa kwake, waliokiona kitabu chake walisimulia kwamba kilikuwa kimechakaa kwa kushikwa na kuloweshwa machozi ya toba. Mtu aliyejiona mwema hangelia hivyo.

Alifariki tarehe 25 Septemba 1626, akazikwa Southwark, London. Nakala moja ya sala zake alikuwa amempa rafiki yake William Laud muda mfupi kabla ya kufa. Baadaye zilichapishwa, na Wakristo wengi wamezitumia hata leo.

Basi, ndugu zetu, tusidhani kwamba sala ya faragha ni ya wale waliokwisha kuwa watakatifu. Ni ya wakosaji wanaotaka kurudi. Kwaresima hii na tuchukue daftari dogo, tuandike siku saba za juma, na chini ya kila siku tuandike dhambi tunayoijua, jina la mtu wa kumwombea, na neno moja la shukrani. Tukiacha chakula cha mchana siku ya Ijumaa, thamani yake tumpe jirani mwenye shida, tusiseme habari zake barazani.

Wenzetu wamekwisha kutusikia tukiomba kanisani. Yafaa sasa Baba yetu aliye sirini atusikie nyumbani.