Bassett-Lowke: Aliyewauzia vipuri wanaojitengenezea treni

Wafanyabiashara wengi wakiona watu wanajitengenezea kitu wenyewe nyumbani, huamua kwamba hapo hakuna soko. Wenman Joseph Bassett-Lowke, Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1877 na 1953, aliliona jambo hilo kwa namna nyingine. Aligundua kwamba mtu anayejitengenezea hanunui kitu kizima, lakini lazima anunue kile kipande kidogo ambacho mikono yake na vifaa vyake haviwezi kukitoa. Juu ya kipande hicho alijenga kampuni ambayo jina lake linajulikana mpaka leo.

Bidhaa yenyewe ilikuwa vichwa vya treni vya mfano, yaani injini ndogo zinazofanana na treni halisi, ambazo watu wazima walizitengeneza na kuziendesha majumbani kwa kujifurahisha.

Bassett-Lowke alizaliwa Desemba 1877 katika mji wa Northampton, katikati ya Uingereza, mji uliojulikana zaidi kwa viwanda vya viatu. Baba yake, Joseph Tom Lowke, alikuwa na karakana ya kutengeneza maboila na kazi nyingine za chuma. Kijana alifanya kazi kwa muda katika ofisi ya msanifu majengo, kisha akarudi kwenye karakana ya nyumbani. Hivyo alijifunza mambo mawili mapema: kusoma mchoro wenye vipimo, na kujua kipande cha chuma kinagharimu kazi kiasi gani mpaka kikamilike.

Soko lililokuwa limejificha

Januari 1898, Percival Marshall alianzisha jijini London jarida la Model Engineer kwa ajili ya watu waliopenda kutengeneza mitambo midogo. Wasomaji wake walikuwa watu wa kipato cha kawaida wenye meza ya kazi jikoni au kibanda nyuma ya nyumba.

Kutengeneza kichwa cha treni cha mfano kuanzia mwanzo si kazi ya siku moja. Fundi huanza na mchoro, kisha hukata bati la shaba kwa msumeno mwembamba, akalipiga tupa mpaka kingo zikae sawa, halafu akaunganisha vipande kwa kulehemu. Mwili wa injini, chumba cha dereva na tangi la maji vinaweza kutoka kwenye bati hilo hilo. Mtu mwenye subira na vifaa vichache anaweza kuyafanya hayo yote.

Kazi huwa ngumu inapofika kwenye magurudumu, silinda na viungo vya mvuke. Gurudumu lazima limiminwe kwenye kalibu, kisha likerezwe kwenye mashine mpaka liwe duara kamili. Silinda lazima itobolewe sawasawa, vinginevyo mvuke unavuja na pistoni haisukumi. Skrubu zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama. Hapo ndipo kazi nyingi zilipokwama, na injini ikabaki kwenye boksi miaka na miaka bila kutembea.

Karakana ya baba yake ilikuwa na mashine ambazo mafundi wa nyumbani hawakuwa nazo. Mwaka 1899 Bassett-Lowke, akiwa na miaka 21 tu, alishirikiana na Harry Franklin, mtunza hesabu wa karakana hiyo, kuanzisha biashara ya kuuza vipuri hivyo kwa njia ya posta. Walichapisha orodha ya bidhaa na kutangaza katika majarida. Mteja aliyekuwa mbali alichagua kipuri kwenye orodha, akatuma fedha, na mzigo ukamfikia kwa posta. Hapakuwa na haja ya kupanga duka katika kila mji.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi tangu mwanzo. Mmoja alijua soko na bidhaa, mwingine alijua daftari. Biashara nyingi za vijana hufa kwa sababu wote wawili wanataka kuwa mafundi na hakuna anayeandika mapato na matumizi.

Safari ya Paris

Mwaka 1900 Bassett-Lowke alikwenda kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris. Huko alikutana na watengenezaji wa Ujerumani, wakiwamo Stefan Bing na Georges Carette, ambao viwanda vyao vilikuwa Nuremberg. Viwanda hivyo vilikuwa na mashine za kukandamiza bati na wafanyakazi wengi wenye ujuzi, hivyo viliweza kutoa injini kwa wingi na kwa bei ambayo karakana ya Northampton isingeiweza.

Bassett-Lowke hakununua tu kile kilichokuwa kwenye rafu zao. Wateja wake waliwajua vichwa vya treni vya kampuni za reli za Uingereza kwa rangi, kwa umbo la bomba la moshi na kwa idadi ya magurudumu. Aliagiza atengenezewe injini zinazofanana na zile. Moja ya matunda ya kwanza ilikuwa Black Prince, mfano wa kichwa cha treni cha kampuni ya London and North Western.

Kazi ya kuchora ilikwenda kwa mhandisi Henry Greenly, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyebuni injini nyingi zilizouzwa kwa jina la Bassett-Lowke. Mwenye jina alibaki na kazi aliyoiweza zaidi: kutafuta wateja, kusimamia ubora na kutangaza. Mwaka 1908 alifungua duka High Holborn, London. Mwaka huo huo kampuni ya Winteringham ilianzishwa Northampton, ikiongozwa na George Winteringham, ikawa ndiyo kiwanda cha kumtengenezea bidhaa nyumbani. Mwaka 1910 biashara iligeuzwa kuwa kampuni yenye dhima ya ukomo.

Elimu kabla ya mauzo

Mtu hawezi kununua kipuri asichojua kukitumia. Bassett-Lowke alilielewa hilo vizuri. Mwaka 1906 alitoa kitabu cha mwongozo wa reli za mfano, kilichochapishwa tena na tena kwa miongo mingi. Mwaka 1909 yeye na Greenly walianzisha jarida lao lililohusu treni za mfano na treni halisi.

Somo kubwa katika maandishi ya aina hiyo lilikuwa vipimo. Reli ya kipimo kinachoitwa namba 0 ina upana wa milimita 32 kati ya reli na reli, na ile ya namba 1 ina milimita 45. Katika kipimo cha namba 0, mafundi wa Uingereza walizoea kuhesabu milimita 7 kwa kila futi moja ya treni halisi. Wote wakifuata kipimo kimoja, gurudumu la muuzaji mmoja linakaa kwenye reli ya muuzaji mwingine. Kila mtu akipima kwa macho yake, injini inaanguka kwenye kona ya kwanza. Vipimo vya pamoja vilipanua soko kwa wauzaji wote.

Bidhaa zenyewe zilipangwa kwa ngazi. Mwenye fedha alinunua injini iliyokamilika. Mwenye ujuzi na fedha chache alinunua seti ya vipande na kuviunganisha mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa injini ya mvuke iliyoitwa Mogul, iliyotoka katika miaka ya 1920. Mwenye mashine ya kukerezea nyumbani alinunua vyuma ghafi na mchoro tu, kazi yote akaifanya kwa mkono wake.

Kulikuwa pia na kundi la wageuzaji. Hawa walichukua injini ya kiwandani, wakatoa springi ya kutia ufunguo na kuweka mota ya umeme, au wakabadilisha bomba la moshi, chumba cha dereva na rangi mpaka ikawa injini ya aina nyingine. Injini moja iliyouzwa jana ilizaa mauzo ya magurudumu, mota na rangi kesho.

Ghala moja, mlango mmoja

Biashara hiyo ilikuwa na ufa ambao wakati wa faida haukuonekana. Sehemu kubwa ya bidhaa zilizokamilika ilitoka Nuremberg. Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani, na mzigo ukakatika. Mikataba mizuri na urafiki wa miaka 14 havikuweza kuvusha hata behewa moja mpakani. Carette, aliyekuwa raia wa Ufaransa, alilazimika kuondoka Ujerumani na kiwanda chake kikafungwa.

Kilichoiokoa kampuni ni kwamba mkono wake wa Northampton ulikuwa tayari upo. Mafundi waliozoea kupima kwa usahihi mkubwa waligeuzwa kutengeneza vifaa vya kupimia kwa ajili ya viwanda vya silaha. Ujuzi ulibaki, mshahara ulilipwa, na vita vilipokwisha kulikuwa na watu wa kuanza nao.

Si kila mradi ulifanikiwa. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha kampuni ya reli ndogo za kupanda watu, zenye upana wa inchi 15, ambayo mwaka 1905 ilizindua injini iitwayo Little Giant katika mji wa pwani wa Blackpool. Biashara ya namna hiyo hutegemea msimu wa watalii, na kampuni ile haikufikisha miaka kumi. Hata hivyo njia ya Ravenglass na Eskdale, iliyogeuzwa kuwa ya inchi 15 mwaka 1915 na kampuni nyingine aliyoshiriki, inabeba abiria hadi leo.

Mshindani wa bei nafuu

Mwaka 1920 Frank Hornby wa Liverpool, aliyekwisha kujulikana kwa vifaa vya kuchezea vya Meccano, aliingiza sokoni treni zake. Zilikuwa za bati na springi, rahisi na imara, na ziliwalenga watoto. Bassett-Lowke aliendelea kushikilia wateja waliotaka usahihi, lakini idadi kubwa ya familia ilikwenda kwenye bei.

Alijaribu kujibu. Mwaka 1922 alileta treni ndogo ya mezani iliyotengenezwa na Bing, yenye reli za upana wa milimita 16, kwa ajili ya nyumba zisizo na nafasi. Kampuni ya Bing ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, na katika muongo huo alishirikiana na Trix kuleta treni ndogo za umeme. Katika Vita Kuu ya Pili karakana ilifanya kazi za serikali, zikiwamo meli za mfano za kuwafundishia askari kutambua meli za adui, na mifano ya bandari ya kuhamishika iliyotumika katika uvamizi wa Normandy mwaka 1944.

Nje ya biashara alikuwa diwani wa chama cha Labour mjini Northampton na mmoja wa walioanzisha jumba la maigizo la mji huo. Nyumba yake namba 78 mtaa wa Derngate, iliyofanyiwa ukarabati na msanifu Charles Rennie Mackintosh kuanzia mwaka 1916, sasa ni makumbusho.

Alifariki Oktoba 1953 akiwa na miaka 75. Kampuni haikumpita kwa muda mrefu. Wateja walihamia kwenye treni ndogo zaidi na nafuu zaidi, na katika miaka ya 1960 duka lilifungwa. Jina liliuzwa kwa mikono mbalimbali, mpaka mwaka 2008 lilipoangukia kwa kampuni yenye jina la Hornby, mshindani wake wa zamani.

Mfanyabiashara mdogo ana mengi ya kuchukua hapa. Pale ambapo wengi wanajitengenezea, muuza pembejeo ana nafasi, mradi ajue ni kipande gani kinawashinda na awafundishe kukitumia. Anayeuza kifurushi kidogo, cha kati na kikubwa hamfukuzi mteja maskini. Na mwenye kutegemea msambazaji mmoja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, anapaswa kuanza kutafuta wa pili mapema, wakati mzigo wa wa kwanza bado unafika.