Tate Wilkinson, Mwana wa Kasisi

Tate Wilkinson alizaliwa Uingereza mwaka 1739. Baba yake, kasisi wa London, alihukumiwa kupelekwa ng'ambo kwa kufungisha ndoa kinyume cha sheria ya mwaka 1753, akafa asirudi nyumbani. Kijana alijitafutia riziki jukwaani kwa kuiga sauti za waigizaji wakubwa. Baadaye, hata kufa kwake mwaka 1803, aliongoza kundi la waigizaji lililozunguka York, Hull, Leeds na miji jirani.

Mwaka 1782 binti aliyejulikana baadaye kwa jina la Dora Jordan alimwendea Leeds pamoja na mama yake, mja mzito, hana mume wala kazi. Wilkinson alimpokea, akampa kazi. Naye akaja kusifiwa London nzima. Aliyeonja shida hakumfungia mwenzake mlango.