Carl Perkins, mutoto wa shamba la pamba aliyetunga wimbo wa viatu vya buluu

Watu wengi wakisikia wimbo wa rock unaoitwa Blue Suede Shoes, wanafikiri mwenyewe ni Elvis Presley. Hapana. Elvis aliuimba, tena aliuimba muzuri, lakini aliyeutunga ni kijana mwingine, mutoto wa wakulima masikini wa Tennessee, kule Marekani. Jina lake Carl Perkins. Alijua kazi ya mikono, alijua malipo ya siku, na alijua kile chupa inaweza kumufanyia mutu na nyumba yake. Kwa hiyo wasomaji wetu wa mugodi hawatakosa kumuelewa.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1932, karibu na muji mudogo wa Tiptonville. Baba yake Buck na mama yake Louise hawakuwa na shamba lao. Walilima pamba ya tajiri. Wakati wa mavuno tajiri anakamata sehemu yake, anatosha na madeni ya mwaka muzima, na kile kinabakia njo cha jamaa. Kila mwaka vile vile. Carl alianza kuchuma pamba akiwa na miaka sita hivi, pamoja na kaka yake Jay.

Karibu wafanyakazi wote wa shamba ile walikuwa watu weusi. Jamaa ya Perkins njo ilikuwa ya wazungu. Wakati ule sheria za Tennessee zilitenganisha weusi na wazungu mu masomo na mu magari ya watu wote. Lakini mu mistari ya pamba wote waliinama pamoja, na nyimbo za Mungu zilitoka kwa mumoja, zikajibiwa na wengine. Mutoto alikuwa anasikiliza. Siku ya posho jioni alisikiliza pia radio, muziki wa wazungu wa vijijini. Ile miziki mbili ikaingia mu kichwa chake, ikachanganyika.

Gitari yake ya kwanza baba alimutengenezea na kasanduku ka sigara na muti wa ufagio. Kisha akamununulia gitari ya kweli, ya zamani, kwa jirani. Mwalimu alikuwa muzee mweusi, mufanyakazi wa shamba, John Westbrook, ambaye Carl alimuitaga Mujomba John. Uzi ukikatika, hakukuwa franga ya kununua mwingine. Carl aliufunga fundo. Sasa fundo inaumiza kidole kikipita juu yake. Basi akazoea kuvuta uzi pembeni pahali pa kutelezesha kidole, na gitari ikatoa sauti sawa mutu anayelia. Sauti ile ilikuwa ya umasikini, lakini kisha wapiga gitari wakubwa wa Ulaya waliitafuta sana.

Mu mwaka wa 1947 jamaa ilihamia upande wa muji wa Jackson. Carl na ndugu zake wawili, Jay na Clayton, walianza kupiga muziki mu mabaa. Kule njo pombe ilimushika, angali kijana mudogo. Mu 1953 alioa Valda Crider. Mchana alifanya kazi mu kampuni ya mikate, usiku gitari. Masaa ya kazi yalipopunguzwa, Valda hakumugombeza. Alimwambia afuate muziki.

Mu 1954 walimusikia Elvis mu radio. Carl akashangaa: muziki ule njo wao walikuwa wanapiga siku zote! Wakapanda gari mupaka Memphis, kwa Sam Phillips, mwenye nyumba ya disiki ya Sun, na Phillips akawakubali. Kule Carl alifahamiana na Johnny Cash, mutoto wa pamba kama yeye, wa Arkansas. Cash njo alimupa wazo la wimbo juu ya viatu vya ngozi laini. Kisha, mu ngoma moja, Carl aliona kijana anamukaripia binti kwa sababu alimukanyaga kiatu chake. Alirudi nyumbani, usingizi ukakataa. Karatasi ya kuandikia haikuwepo, basi alitosha viazi mu mufuko wa karatasi na kuandika wimbo juu ya mufuko ule.

Walirekodi tarehe 19 Desemba 1955. Disiki ilitoka mwanzo wa 1956, ikauzwa zaidi ya milioni moja. Ilipanda mu orodha za wazungu wa vijijini, za vijana wa miji, na za watu weusi pia. Phillips alimupatia gari ya Cadillac. Perkins mwenyewe alieleza kwamba alifikiri ni zawadi, na kisha akaona bei yake imekatwa mu franga zake za disiki. Wanaojua kusoma karatasi ya mushahara watamuelewa.

Halafu bahati ikageuka. Tarehe 22 Machi 1956, walikuwa wanaenda New York kuonekana mu televizio, mbele ya Marekani yote. Asubuhi mapema, karibu na Dover, mu Delaware, gari yao iligonga kamyo kwa nyuma. Dereva wa kamyo alikufa. Carl alivunjika mufupa wa bega na mifupa ya shingo. Jay pia alivunjika shingo. Wakati Carl angali anapona, Elvis alikuwa anaimba Blue Suede Shoes mu televizio, na wimbo ukakamata sura yake. Wapiga muziki wa Elvis walipita kumusalimia mugonjwa. Carl hakumuchukia Elvis. Lakini nafasi ile haikurudi tena.

Tarehe 4 Desemba ya mwaka ule, Carl alikuwa anarekodi kwa Sun, na Jerry Lee Lewis kwenye piano. Elvis akapita kusalimia, Cash naye akafika, wakaimba pamoja. Ukiangalia wale wane leo, Carl njo jina lake linajulikana kidogo zaidi.

Jay hakupona muzuri. Alikufa mu Oktoba 1958, na uvimbe mu ubongo. Walianza pamoja mu pamba, walipanda pamoja mu gari ile. Kutoka pale Carl alikunywa sana. Alienda kuimba amelewa, alirudi nyumbani amelewa, na Valda alilea watoto huku akingojea.

Mu 1964 alienda Uingereza, akifikiri hakuna anayemukumbuka. Alikuta Beatles wanajua nyimbo zake zote, na walirekodi tatu kati yake. Franga za nyimbo zile zilimusaidia, lakini pombe ilibakia.

Kisha alifanya kazi na Johnny Cash karibu miaka kumi. Haikuwa kazi ya mukubwa: yeye aliyeuza milioni, sasa anapiga gitari nyuma ya rafiki. Cash naye alikuwa anapigana na vidonge. Mu 1968, mu safari ya California, kisha siku za ulevi mbaya, Carl alishuka mupaka pembeni ya bahari, akatupa chupa yake ya mwisho mu maji. Mwaka ule ule Cash alitoa wimbo wa Carl, Daddy Sang Bass, juu ya jamaa masikini inayoimba pamoja, na ukafika namba moja mu orodha ya muziki wa vijijini.

Majaribu hayakuisha. Siku ya Noeli 1973 ndugu yake Clayton, aliyeshindwa na pombe, alijiua na bunduki. Carl alikuwa na sababu ya kurudia chupa. Hakurudia.

Alibakia Jackson na Valda, na watoto wake wawili wa kiume wakaingia mu orkestra yake. Mu 1981, baada ya kusikia habari ya mutoto aliyekufa kwa kuteswa, alisaidia kufungua pale Jackson nyumba ya kulinda watoto wanaopigwa na kuumizwa; mupaka leo inafanya kazi kwa jina lake. Alipata kanseri ya koo, akapona. Kisha damu ilimusumbua mu ubongo mara kwa mara, na tarehe 19 Januari 1998 alikufa, na miaka 65. George Harrison wa Beatles alitoka mbali kumuzika, akaimba mu kanisa wimbo mumoja wa marehemu, na gitari tu.